Ng'ombe Yenye Jina ya Minerval

Ukitaka kuchunga franga ya masomo ya mutoto wa askari, usiiweke ku camp. Mimi nimeona. Pale Mubambiro mabibi ya askari walifanya likelemba yao: kila mwezi, solde ya mabwana ikishafika, kila mama analeta kidogo, na wakaapa mbele ya Mungu kwamba ile franga ni ya université ya watoto, haitaguswa na sukari wala na matanga. Wakaifungia mu sanduku ya chuma. Sanduku wakamupatia Mama Chantal aichunge, juu alikuwa muntu wa sala na alikuwa na mabega ya kutisha mwizi. Hakuna hata mumoja aliwaza kama bwana ya Mama Chantal naye ni askari. Siku bataillon yake ilipata mutation ya kuhamia mbali, lori ilipakia sufuria, kuku, watoto, Mama Chantal na sanduku. Habari yake iliturudilia akiwa tayari Ituri. Mutoto wake aligonjwa njiani, na université ya watoto yetu wote ilikuwa imegeuka dawa na mihogo.

Hata kumuchukia vizuri haikuwezekana, kwani mutoto alipona.

Mutoto wangu Thierry, yeye ni adjudant mu jeshi, alikasirika mupaka chakula ikamushinda. Alikuwa na binti, Elodie, mukubwa wa watoto yake, na alikuwa ameapa kwamba huyu hatakuwa bibi ya askari anayefuata lori. Njo mwenzake moja wa Mushaki akamushauri: "Nunua ng'ombe, kaka. Ng'ombe haipataka mutation." Thierry akasikia hiyo neno kama Injili. Lakini jueni kwanza kwamba sisi tunatoka Ntoto, kule ndani ya pori ya Walikale. Kwetu tunajua mbwa ya kuwinda, tunajua mutego, tunajua nguruwe ya pori na vile anakasirikaka. Ng'ombe kwetu ni kitu inapitaka juu ya lori na kukuangalia na huruma.

Akanunua jike moja, kahawia, macho makubwa. Akaiita Minerval, ile jina ya franga yenye université inaomba kila mwaka mbele mutoto aingie mu darasa. Na sababu camp haina majani, akaipeleka Karuba, ku milima, kwa Papa Kayitare, muntu wa ng'ombe tangu babu yake, maneno yake kidogo, malisho yake safi. Papa Kayitare naye akaiita Bihogo, juu ya rangi yake. Ng'ombe haikujali, ilikula tu.

Sasa sikilizeni vile aliiacha pale, juu shida yote iko hapo. Kwetu Ntoto, ukimuachia mwenzako mbwa yako ya kuwinda, unamuambia, "Hii ni yako sasa." Hiyo ni adabu. Huwezi kumuambia muntu muzima, "Nichungie mbwa yangu," kama vile unaamuru boyi. Unasema ni yake, na kijiji muzima inajua ni ya nani. Kisha mbwa ikizaa, mwenye kuichunga anakuletea kitoto kimoja. Hapo roho yako inatulia, juu ile kitoto njo ushahidi: anakubali kama mama ya mbwa ingali yako. Thierry akamupatia Kayitare kamba na adabu yote ya Ntoto. Kayitare akaipokea mikono mbili, akainamisha kichwa.

Minerval ikazaa jike. Kayitare akaita Thierry kule Karuba. Wazee walikuwapo, kasiksi, ile pombe ya ndizi, ilikuwapo mu jerikani, na muzee moja anaitwa Damascène alisimama akasema maneno marefu mu Kinyarwanda. Thierry hakusikia hata nusu yake. Kisha wakamuwekea mukononi kamba ya kitoto ya ng'ombe, na watu wakapiga makofi, Thierry akiwashinda wote. Akarudi ku camp anaimba. Ushahidi ulikuwa umefika, mbwa imezaa.

Ile kitoto haikuishi. Tuliifunga nyuma ya nyumba, ikala majani kidogo yenye ilikuwapo, kisha ikala sachets, ikala soksi ya jirani, ikakufa na plastiki mu tumbo. Watoto walilia. Thierry akawaambia wanyamaze, mama yake iko Karuba inaendelea kuzaa, na kila tumbo ni mwaka moja ya université. Hivyo njo tuliishi miaka yote ile. Solde ikichelewa, bibi yake Mamy alikuwa anasema, "Hata hivyo, Minerval iko." Tulikula sombe bila mafuta na tukajisikia matajiri.

Elodie akamaliza secondaire na diplome nzuri, mupaka préfet wa shule akamusalimia na mikono mbili. Akachagua kusoma ujenzi wa madaraja, kule Goma. Nilimuuliza juu gani asichague kitu ya kuketi, kama wengine. Akanijibu kwamba amevuka magogo mengi na muzigo ku kichwa, kati ya Masisi na kwetu Walikale, na anataka kujua juu gani magogo inaanguka. Mimi pia nilishaanguka.

Wakati huo Thierry mwenyewe alikuwa amepata mutation, Ituri, ndiyo, na huko alikutana na Mama Chantal, na yule mama akamupatia mihogo. Mamy alikuwa na mutoto mupya ku ziwa. Inscription, kuandikisha watoto ku université, ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi. Thierry akatuma sauti ku simu: niende Karuba, nilete Minerval na uzao wake, tuuzishe, mutoto aingie. Barabara siku zile ilikuwa inafunguka na kufungwa kama mulango ya choo ya camp. Nikaikuta wazi, nikapanda moto, ile pikipiki ya kubeba watu, nikaenda na kitambaa yangu nzuri na fimbo.

Karuba ni baridi. Majani ni mingi mupaka unaona haya ya kukanyaga. Bibi ya Kayitare, Mama Verdiane, alinipokea na maziwa, akaniketisha, akauliza habari ya kila muntu, hata ya wenye walishakufa. Na mbele yangu, ku ule muteremuko, nikaiona Minerval. Ilikuwa imenenepa kama bibi ya gouverneur. Nyuma yake watoto na wajukuu, wote kahawia, wanatafuna. Nikahesabu na moyo wangu, hapana na kidole, juu nilisikia kwao ni vibaya kuhesabu ng'ombe ya watu. Lakini mu moyo nilisema: mwaka wa kwanza ule pale, mwaka wa pili ule mwenye pembe, wa tatu amelala.

Papa Kayitare alipofika, nikamuambia nimekuja kuchukua ng'ombe ya mutoto wangu.

Mama Verdiane akatazama moto. Kisha Kayitare akaniomba nirudilie maneno yangu, na nikarudilia, na akaniuliza polepole kama vile muntu anauliza mugonjwa, ni ng'ombe gani. Nikaonyesha na fimbo.

"Mama," akasema, "ile ilifungwa. Thierry alinipa ng'ombe ya urafiki. Mimi nikamurudishia jike yake ya kwanza mbele ya wazee. Alipokea. Kwetu, akishapokea, deni imekufa, ng'ombe ni yangu, na sisi ni marafiki mupaka kaburi."

Nikamueleza ya mbwa. Nikaeleza muzuri, na mikono, na hata sauti ya kengele yenye tunafungaka mbwa ku shingo. Alisikiliza mupaka mwisho, sitamusingizia. Akaita muzee Damascène, jirani yake, na huyu akarudilia hotuba yote ya siku ile, neno kwa neno, akinitafsiria: kwamba mulango umefungwa, kwamba hakuna anayedai mwenzake. "Na mutoto wako alipiga makofi," akaongeza. "Nilisema mu moyo, huyu wa pori anajua heshima."

"Alipiga makofi juu kwetu kitoto ni ushahidi kama mama ingali yetu."

"Mama, ng'ombe haiko mbwa."

"Nimeona. Mbwa ingeshanirudilia yenyewe."

Walicheka. Mimi sikucheka. Ningekuta mwizi, ningejua cha kufanya: mwizi unamutukana, unamupeleka kwa chef, unamulaani. Lakini utafanya nini na muntu amechunga ng'ombe yako vizuri, amekuita ku karamu, amekupatia haki yako yote mbele ya mashahidi, na umepiga makofi?

Kesho yake nikapanda kilima kutafuta réseau ya simu, Mama Verdiane akinionyesha ile jiwe yenye watu wote wanasimamaka juu yake. Nikamueleza Thierry. Akaanza kupiga kelele kwamba ataomba ruhusa, atakuja yeye na vijana yake wawili, ng'ombe itashuka ile siku. Nikamukata.

"Na bunduki?"

"Mama, si kwa kupiga."

"Thierry, askari akiingia mu kiraro ya muntu na bunduki, hata haki yake yote inatoka kwa dirisha. Ulipokea ao hukupokea?"

"Nilipokea."

"Na ulikunywa?"

"Nilikunywa, mama."

Nikashuka ule mulima na hasira yenye haikuwa na pa kuketi. Kila kitu ilinichokoza, hata majani. Kule chini mutoto wa mutoto wangu anahesabu siku, na mimi hapa natazama université yake inacheua.

Njo nikafanya kitu moja tu yenye nilikuwa na uwezo wa kufanya: sikurudi. Asubuhi Kayitare aliponiuliza kama aniitie moto, nikamuambia hapana, kwani mimi ni mama ya rafiki, na mama ya rafiki hafukuzwe na baridi. Nikachagua kiti yenye ilikuwa karibu na moto, kumbe ilikuwa kiti ya Kayitare. Nikakula na hamu. Nikamufundisha Mama Verdiane vile anapaswa kupika maharagi, yeye mwenye kupika maharagi tangu nikiwa na meno. Wageni wakija, nilijitambulisha mimi mwenyewe: mama ya yule rafiki aliyetoa ng'ombe yenye ilizaa zote hizi. Nikawaonyesha moja moja. Wageni wakasema kumbe. Kayitare akaanza kula inje.

Siku moja akaniuliza, na heshima nyingi, kama nyumbani hawanitafute. Nikamuuliza kama kwao rafiki anaulizaka mama ya rafiki atatoka lini. Akaenda kutazama ng'ombe zake, ijapo alikuwa ametoka kuzitazama.

Mama Verdiane njo alichoka wa kwanza, ao alinihurumia, mupaka leo sijui. Tulikuwa tunachambua maharagi. Akaniambia bila kuinua macho kwamba nimekosa njia tangu siku ya kwanza. Nilikuja kudai, na kwao ng'ombe haidaiwe, inaombwa. Aliyetoa ng'ombe zamani akija na pombe, akiomba, yule aliyepokea hawezi kumukatalia. Kumukatalia ni kujivua nguo mbele ya wazee. "Lakini usiseme ng'ombe yangu," akasema. "Ukisema yangu, umeharibu. Unaomba kama vile hujawahi kuwa na kitu."

"Hiyo naijua," nikamuambia. "Nimeolewa na muntu wa pori."

Nikauzisha kitambaa yangu nzuri, nikanunua jerikani ya kasiksi. Wazee wakaja, muzee Damascène mbele. Nikaanza kufungua kinywa, Damascène akainua mukono: mama haombi. Anayeomba ni yule aliyetoa, na kinywa yake mwenyewe. Nikasema kinywa yake iko Ituri. Wakashauriana. Na hivyo mukaona wazee wote wa ile kilima, na makoti yao na fimbo zao, wanapanda mupaka ku jiwe ya réseau, jerikani nyuma yao juu ya bega ya Kayitare mwenyewe, na mimi nikihema kama mbuzi.

Wakamimina, wakakunywa kidogo, nikaita Thierry, nikaweka sauti ya simu inje. Nilikuwa nimemupanga asubuhi. Nilikuwa nimemurudilishia maneno kama katekisimu. Lakini muntu akishazoea kupiga raporo kwa wakubwa, hajui kuzunguka. Akasalimia wazee vizuri, akauliza habari ya majani, nikaanza kupumua. Kisha akasema: "Basi, nilikuwa naomba munirudishie ng'ombe ya—"

Nikafinya kidole yangu juu ya simu. Ikakufa.

"Réseau," nikawaambia wazee.

Wakatikisa kichwa wote, juu réseau wote tunaijua. Nikasogea pembeni kuitafuta, nyuma ya jiwe, nikamuita tena, nikamuambia mu Kinyanga, yenye hakuna hata mumoja pale alisikia, kwamba akisema tena "rudisha" ao "yangu", nitamukana mbele ya Mungu na mbele ya jeshi. Nikarudi na simu mukononi. Safari hii alisema kama muntu: kwamba yeye ni muhitaji, kwamba moto imezimika ku jiko yake, kwamba hana rafiki mwengine mu ile milima isipokuwa Kayitare. Sauti yake ikatetemeka. Hiyo sikuwa nimemufundisha.

Kayitare akainua kikombe yake. Akasema amesikia. Akamupatia Thierry jike moja, uzao wa Minerval, ile ya mwisho, ndogo, miguu mirembo. Watu wakapiga makofi, na mimi pia, mara hii na akili.

Muzee Damascène akasimama. Akasema hii ni ng'ombe ya urafiki, na ng'ombe ya urafiki haiuzishwe wala haichinjwe. Inafugwa, inazaa, na jike yake ya kwanza inarudi kwa Kayitare, ili mulango kati ya hizi nyumba mbili isifungwe tena.

Mikono yangu ikabaki hewani.

Nilimuuliza Mama Verdiane tukishuka kama kuna njia. Hakuna. Kama Kayitare anaweza kuinunua yeye. Muntu hanunui zawadi yake. Itazaa lini, sasa? Akaitazama akasema mwaka huu hapana, na mwaka kesho kama Mungu amependa. Inscription ilikuwa imebakiza siku kidogo. Nilikuwa nimekula haya, nimeuzisha kitambaa, nimepandisha wazee mulima, na nilikuwa nimepata nini? Nilikuwa nimepata ng'ombe ya kutazama.

Walinisindikiza mupaka ku barabara kubwa. Kayitare mwenyewe alifunga kamba, akaipiga jike ku mugongo polepole, akasema nayo kidogo mu lugha yao, kama vile muntu anaaga binti yake. Akanishika mikono mbili. Alifurahi, Kayitare, hiyo njo ilinikasirisha zaidi: alikuwa na furaha ya kweli.

Nikatembea na ile jike mupaka Mushaki, ku soko ya ng'ombe. Pale kulikuwa mununuzi moja, Symphorien, anapelekaka nyama Goma. Akaniuliza inatoka wapi. Nikamuambia inatoka kwa rafiki. Akanitazama muda murefu, juu yeye pia ni wa ile milima.

"Mama, unajua unachofanya?"

"Tuambiane bei."

Réseau ilikuwa nzuri pale Mushaki. Sikumuita Thierry.

Elodie aliandikishwa mbele ya mulango kufungwa. Tulienda Goma pamoja, yeye na kanzu ya kanisa aliyovaa kama gauni, mimi na kitambaa ya kazi. Alipotoka na karatasi yake hakuruka, hakulia. Alikuwa ameshasikia, camp haina siri. Akaketi karibu yangu ku ngazi.

"Koko, ile haikupaswa kuuzishwa."

"Haikupaswa."

"Na mwaka wa pili je?"

Nikamuambia asome kwanza huu, na aache kuniuliza mambo ya mwaka wenye haujazaliwa. Alinichukua mukono. Mukono yake ilikuwa baridi kuliko yangu.

Thierry alipigiwa simu na Kayitare mwenyewe. Kayitare hakutukana. Alimuambia tu kwamba sasa mulango imefungwa kweli, na kwamba jina yetu haitatajwa tena mu nyumba yake. Kisha Thierry akaniita mimi.

"Mama, umeuzisha rafiki yangu."

"Ndiyo," nikamujibu. "Na bei haikutosha hata mwaka wa pili."

Akakata. Safari hii haikuwa réseau.

Wananiuliza hapa ku camp kama ninajuta. Mamy ananiuliza na macho, wakati wa kupima unga. Mimi najibu kwamba Kayitare iko na Minerval na uzao wake wote, ameketi mu haki yake, na haki yake ni kweli, nimeisikia neno kwa neno. Mutoto wangu naye iko na haki yake ya mbwa, na hiyo pia ni kweli, muulize muntu yeyote wa Ntoto. Na mutoto wa askari, katikati ya hizi haki mbili nzuri, alikuwa abakie inje ya mulango anapokea heshima. Basi niliiuzisha. Watafute mwengine wa kujuta, mimi niko na kazi.

Juma iliyopita muntu wa moto mwenye kutoka Karuba alisimama ku mulango yetu. Mama Verdiane alimutuma kwa siri, bwana asijue. Hakutuma kitu, alituma ulizo moja tu: kama binti aliingia.

Nikamuambia amurudishie kwamba aliingia, ameshaanza, na wanamufundisha kwanza kupima uzito yenye daraja inaweza kubeba mbele ya kuvunjika. Mwenye moto akaanza kuwasha. Nikamushika mukono, nikamuomba aongeze na hii: kwamba mwaka wa pili inaanza mwezi wa kumi.

Mama Verdiane bado hajajibu.